Jiwe la Maji ya Kunde

Tangazo lilinifikia saa tano usiku, niko Mtopanga, stima imepotea na simu imebaki na asilimia 11. Picha moja tu. Pete juu ya kitambaa cheupe, katikati yake jiwe lenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Chini yake maneno machache: almasi ya kahawia, karati 0.70, dhahabu 18, bei 42,000, haina cheti, wanaotaka kupoteza muda wasipige. Nikapunguza mwangaza wa skrini nihifadhi chaji. Kisha nikauongeza tena nikaitazama.

Nilikuwa na 60,000 za chama. Zamu yangu ilikuwa imefika mwishoni baada ya miezi kumi na miwili ya kutoa 5,000 kila mwezi, na pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu. Nilitaka kumrudishia mama bangili zake.

Bangili zenyewe zilikuwa mbili, dhahabu ya 22, gramu 11 kila moja. Alizipata kwenye mahari yake. Mimi nazikumbuka kwa mlio zaidi kuliko kwa sura: mama amekaa juu ya mbuzi uani kwetu Likoni, akikuna nazi, na bangili zinagongana kila mkono unapokwenda na kurudi. Nikiwa ndani nilijua chakula kimefikia wapi kwa kusikia tu. Mwaka 2012 nilipoitwa Form One shule ya bweni, mama alipanda feri asubuhi nazo mkononi, na adhuhuri akarudi mikono mitupu na karatasi ya benki inayoonyesha karo imelipwa. Hakulia, hakunihubiria. Alinituma dukani nikalete kufuli ya sanduku. Tangu siku hiyo mama akikuna nazi unasikia nazi tu.

Sonara alimlipa chini kidogo ya 4,000 kwa gramu. Januari 2025 nilipoulizia madukani, gramu ya 22 pamoja na ufundi ilikuwa kama 11,000. Fanya hesabu: kumrudishia mama zile gramu 22 kungehitaji kitu kama 240,000. Pesa zangu zingetoa gramu tano na ushei, na kwa gramu tano unapata bangili nyembamba kama waya wa kuanikia nguo. Hapo ndipo nilipoanza kutazama-tazama vitu vingine usiku. Niseme ukweli, si kwamba nilikuwa na mapenzi na almasi. Nilipenda tu wazo kwamba 42,000 zinaweza kuonekana kama kitu.

Rangi nayo ilinivuta. Mama ni maji ya kunde, na jiwe lile lilikuwa maji ya kunde. Nilishaona pete ikikaa kwenye kidole chake bila kupiga kelele. Lakini biashara ya vito haina jina hilo. Zamani almasi za kahawia zilidharauliwa, nyingi zikienda viwandani kukatia na kusagia vitu vigumu. Kisha ukaja mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, ambao sehemu kubwa ya mawe yake yalikuwa ya kahawia, na wenyewe wakaona hawawezi kuuza mlima mzima kwa bei ya takataka. Wakabadilisha jina. Rangi nyepesi wakaiita "champagne", iliyokolea kabisa wakaiita "cognac", wakatengeneza na vipimo vyake kutoka C1 hadi C7. Mgodi ulifungwa mwaka 2020 lakini majina yamebaki. Nikajiuliza nitamwambiaje mama, mwanamke asiyekosa swala hata moja, kwamba amevaa pombe kidoleni.

Asubuhi yake nilimwonyesha mwenzangu kazini ile picha. Akaitazama sekunde mbili. "Wash wash hiyo," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi yangu ni karatasi. Niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Changamwe, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni mimi hulinganisha karatasi na karatasi: hati ya meli, ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha ubora, cheti cha nchi bidhaa ilikotoka. Karatasi moja ikikosekana, kontena linakaa, na kila siku linapokaa kuna mtu analipa. Kwa hiyo mtu akiniambia "haina cheti" mwili wangu wenyewe unakataa kabla akili haijafika.

Lakini kazi hiyo hiyo imenionyesha upande wa pili. Nimewahi kupitisha kontena la vigae lenye karatasi safi kuliko shuka ya hoteli, cheti kinasema daraja la kwanza, muhuri upo, sahihi ipo. Mteja alipofungua, nusu ya maboksi yalikuwa na vigae vya rangi tatu tofauti, na vingine vimepasuka. Cheti hakikuwa bandia. Kilikuwa cha vigae vingine. Ndiyo maana kontena hufungwa kwa lakiri, sili kama tunavyoiita sisi, yenye namba, na namba hiyo lazima iwe ile ile iliyoandikwa kwenye hati. Bila namba hiyo una karatasi nzuri na sanduku la chuma, na hakuna kinachoviunganisha.

Nilipoanza kusoma kuhusu vyeti vya almasi nikakuta mambo ni yale yale. Taasisi inayotajwa zaidi ni GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Wao hawauzi mawe. Wanapima uzito, rangi, usafi na ukataji, wanaandika ripoti, na mara nyingi namba ya ripoti huchorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, herufi ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Sili, basi. Ripoti pia inasema kama jiwe limetoka ardhini au maabara, na kama limechezewa rangi. Kwa kahawia hilo ni jambo kubwa. Ukahawia wa almasi nyingi unatokana na fuwele kubanwa na kupindika huko chini ardhini, na mwaka 1999 General Electric walitangaza kwamba wanaweza kuchukua baadhi ya almasi za kahawia, wakazitia kwenye joto na mgandamizo mkubwa, zikatoka nyeupe. Kama rangi inaweza kufutwa, mawe mengine yanaweza pia kutiwa rangi, na jicho lako halitakwambia.

Muuzaji mwingine niliyemkuta siku zile alijinadi kwamba jiwe lake "lina Kimberley". Hapo nilicheka peke yangu. Cheti cha Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi mwaka 2003, husindikiza vifurushi vya almasi ghafi zinapovuka mipaka ya nchi, ili zisije zikawa zimefadhili vita. Hakiambatani na pete yako. Ni kama mtu akuuzie shati, halafu akwambie lina hati ya meli.

Sasa mbona mtu auze almasi bila cheti? Jibu la haraka ni lile la mwenzangu. Lakini kuna jibu jingine, la kuchosha zaidi: kwa jiwe dogo la kahawia, gharama ya kulituma maabara nje, bima na kulirudisha inaweza kula sehemu kubwa ya bei yake. Watu wengi hawajisumbui. Na waliopokea pete kama zawadi hawakuwahi kuulizia karatasi. Nani huomba risiti siku anayovishwa?

Nikampigia muuzaji. Nilitegemea kusikia kijana wa maneno mengi. Akapokea mwanamke, nyuma yake mtoto analia na mtu anakaanga kitu. Anakaa Bamburi. Pete aliletewa na mumewe alipokuwa akifanya kazi Qatar, kisha mambo yakawa mambo, mume hayupo tena. Cheti hajawahi kukiona. Nikamwambia sharti langu ni moja, tukutane kwa sonara Mji wa Kale, yeye apime mbele yetu sote. Nilisubiri visingizio, kwamba yuko safarini, kwamba nitume kwanza kidogo ya kushikilia. Kenya tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na imeigusa hata mikataba ya intaneti, lakini pesa zikishakwenda kwa namba ya simu iliyozimwa utamshtaki nani, laini?

"Jumamosi saa nne yafaa?" akauliza. "Jumatatu nina jambo."

Kabla ya Jumamosi nilikwenda kwa mama, na wakati anapepeta mchele nikamshika kidole cha kati kwa utani, nikakizungushia uzi, nikaukata. "Wafanya nini wewe?" Nikamwambia nacheza. Uzi nikautia kwenye kibeti.

Nikiri pia kwamba wiki ile nilijipa ndoto. Nilikuwa nimesoma habari za Mwadui, kule Shinyanga, ambako mwanajiolojia Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kutoka mgodi huo lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo Williamson alimpa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, mwaka 1947 alipoolewa. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, likatiwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. Jiwe lile linajulikana shimo lilikotoka, mkono uliolipokea na kifua lilikokaa. Basi nikajiambia labda na hili langu ni la Mwadui, limezunguka dunia na sasa linarudi nyumbani. Upuuzi mtupu. Safari pekee niliyoweza kuithibitisha ilikuwa kutoka Bamburi hadi Mji wa Kale kwa tuktuk.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama 35, buibui safi, viatu vilivyotembea sana. Tukasalimiana kama watu wanaokutana hospitalini. Sonara ni mzee ambaye rafiki yangu mmoja humwamini. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Akaichukua pete, akatia lenzi jichoni. Alianza na dhahabu, si na jiwe. Ndani ya pete kulikuwa na muhuri wa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000, ndiyo dhahabu 18. Hakuuamini muhuri peke yake. Akaisugua pete kwenye kijiwe cheusi, akadondosha tone la asidi kwenye mstari, akangoja, akatikisa kichwa kukubali. Akapima kwenye mizani. "Toa jiwe, hapa mna gramu tatu," akasema.

Kisha jiwe. Alilipulizia pumzi, ukungu ukatoweka haraka, lakini akasema hilo ni la kuonyesha wateja, lisitutie moyo. Akatoa kalamu ya kupimia joto, akagusa. Ikalia pii. Mwenzangu wa Bamburi akashusha pumzi.

"Ngoja," mzee akasema. Almasi hupitisha joto vizuri kupita vito vingine vyote, na kalamu hupima hilo tu. Zirkonia, ambayo ndiyo feki ya kawaida, haiipiti. Lakini kuna jiwe la kutengenezwa liitwalo moisanaiti, nalo huidanganya kalamu. Akarudisha lenzi, akaigeuza pete upande upande kwa muda mrefu. Moisanaiti ukiitazama ndani kwa pembe fulani, kingo za nyuma huonekana mbili mbili, kama unaona kizunguzungu. Hakuziona.

"Kwa hiyo ni almasi," nikasema.

"Naona kama ni almasi. Kama yatoka ardhini au yatoka maabara, mwanangu, kwa lenzi hii hakuna mtu Mombasa atakwambia. Zote ni almasi. Lakini bei si moja. Ya maabara kila mwaka yashuka."

"Na ukiinunua wewe, utampa ngapi?"

Akapiga kikokotoo. "Gramu tatu, elfu nane nane. 24,000."

"Na jiwe?"

"Jiwe silihesabu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema duka lake haliuzi sukari. Nikamtazama yule dada. Alikuwa anaitazama pete, si mzee. Nikakumbuka mama mwaka 2012, na jinsi ilivyokuwa rahisi kwake kwa namna fulani: bangili zile hazikuhitaji hadithi. Alizitia kwenye mizani, mizani ikasema. Dhahabu hutembea na cheti chake ndani ya uzito wake, Likoni au Dubai. Jiwe hili lingeweza kuwa la thamani kuliko dhahabu iliyolishika, lakini thamani hiyo haikuwa na ulimi. Ilihitaji maabara ya mbali iseme kwa niaba yake.

Tulitoka nje tukasimama kwenye kivuli. Kichwani nilishafanya hesabu yangu, na bado naiona ni hesabu nzuri: 24,000 ni za dhahabu, hizo hazipotei. Chochote juu ya hapo ni bei ya kutojua. Ni pesa ambayo lazima niwe tayari kuitupa baharini na nilale usingizi. Nikajiuliza naweza kutupa ngapi. 18,000, hapana. 9,000 zingeniuma, lakini ningelala.

"33," nikamwambia.

"Mdogo wangu, si umesikia ni almasi?"

"Nimesikia haihesabiki."

Najua nilivyolisema. Hilo ndilo neno alilonipa mzee, nami nililitumia kama kisu. Akanyamaza. Akasema hata 38 basi, mtoto anaingia bweni Jumatatu, bado sare na godoro. Nikasema sina, na ilhali 60,000 zote zilikuwa kwenye simu. Akageuza kichwa kuelekea barabarani, akakaa hivyo, kisha akasema haya, tuma. Nikatuma. Ujumbe ukaingia kwenye simu zote mbili karibu kwa pamoja. Akanipa pete mkononi bila kijaluba, akaniambia nisiivae nikifua.

Pete iliingia kwenye ule uzi sawasawa, kana kwamba ilipimiwa mama.

Jumapili nikavuka feri. Kwa miguu feri ya Likoni ni bure, na nilisimama kwenye ule umati nikiwa nimeufumbata mfuko wangu wa ndani, nikimshuku kila aliyenigusa. Nyumbani mama alikuwa anachanganya unga wa viazi karai. Akanawa mikono, akaipokea pete, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yote, karati, Australia, kalamu ya joto, lenzi.

"Gramu ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Ya ngapi?"

"Kumi na nane."

Akatikisa kichwa, akaivaa. Ilimkaa kama nilivyoiona usiku ule stima ilipopotea: huwezi kujua mkono unaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Akanyoosha vidole. Akatabasamu kidogo, nami koo likanibana. Halafu akaivua tena, akaipindua, akapitisha ukucha kwenye sehemu ya chini.

"Hii ishavaliwa."

"Wajuaje?"

"Hapa pamelika. Mtu ameivaa miaka." Akanitazama. "Ni ya nani?"

Nikamwambia. Bamburi, Qatar, mume aliyeondoka. Nilidhani atasema ina nuksi, na nilishajiandaa kwa hilo pia. Hakusema.

"Ana wana?"

"Mmoja namjua. Aingia bweni kesho."

Mama akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Mafuta yalishaanza kupata moto, lakini hakutia kitu.

"Alitaka ngapi?"

"42."

"Nawe ukampa?"

"33. Lakini mama, sonara angempa 24 tu, jiwe hata hakulihesabu, na halina cheti, na mimi nimebeba hatari yote ya..."

"Nimesikia."

Akachukua kiazi kimoja, akakizungusha kwenye unga, akakiweka tena chini.

"Mimi yule sonara aliniambia bangili moja imepindana," akasema. "Akanikata elfu mbili. Nami nilikuwa nataka kuwahi benki." Akafuta unga kwenye kidole, taratibu, akairudisha pete mahali pake. "Haikuwa imepindana."

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa Diani. Nilibaki nimesimama mlangoni na yale maelezo yangu yote.

"Namba yake unayo?" mama akauliza.

Nilikuwa nayo. Ilikuwa juu kabisa kwenye ujumbe wa M-Pesa, na jina lake lote, majina matatu.